Dogo kashinda tisa mfululizo, kundi zima linasema anatumia injini (programu ya kumwonesha hatua). Nimfungie au nimwache?

Fundi_Kioo (Morogoro), Jumatatu usiku

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi, na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Mimi ni fundi simu hapa Msamvu. Jioni tukifunga kazi tunacheza drafti ya vizibo vya soda nje ya duka, na tangu mwaka juzi wachache wetu tumehamia kwenye chesi. Tukaanzisha ligi ndogo ndani ya Lichess, tovuti ya chesi, kwa kuwa haina malipo wala matangazo na haili bando. Watu 18, kila mmoja katoa buku tatu, bingwa anaondoka na elfu hamsini, na elfu nne inayobaki ni bando langu la uratibu (msianze na hilo). Raundi 11, dakika kumi kwa kila mchezaji. Mratibu, mweka hazina na mwamuzi ni mimi huyohuyo, na wiki hii ndiyo nimejua kumbe hizo ni kazi tatu tofauti.

Kuna dogo wa Kigoma, yuko kidato cha tatu, aliletwa na binamu yake anayeuza vocha jirani yangu. Siku anaingia alikuwa na alama 1,540, zile Lichess inazompa mchezaji kulingana na uwezo wake. Kashinda raundi tisa zote. Ya saba alimpiga jamaa mwenye 2,050, kigogo wa kundi letu, mtu anayefundisha wenzake, tena kwa hatua 31. Usiku ule kigogo hakusema neno. Asubuhi akaweka kundini sauti ya dakika nne.

Tuhuma zenyewe ni hizi. Michezo mitatu kati ya tisa Lichess inampa usahihi, yaani jinsi hatua zake zinavyokaribia za injini, wa asilimia 94, 96 na 98. Mingine sita iko kati ya 79 na 88. Muda wake karibu haubadiliki, sekunde sita mpaka tisa kila hatua, hata pale ambapo kete yake imeliwa na anachotakiwa ni kurudishia tu, kitu ambacho mimi nafanya kwa sekunde moja. Raundi ya nane tulimwomba awashe kamera, akawasha, na macho yake yakawa yanashuka chini kushoto kila baada ya hatua. Yaani kama mtu anayepiga chabo kwenye mtihani. Halafu kuna la nne ambalo mimi ndiye niliyeligundua: akiwa na nyeupe, michezo yote mitano, kamficha mfalme (kumsogeza pembeni akingwe na ngome) upande wa malkia, yaani kushoto. Yote mitano! Sijaona mtu anacheza hivyo.

Sasa kosa langu. Ijumaa saa 3 usiku nilipiga skrinishoti ya ile 98, nikaibandika kundini na maneno mawili: "Hii mnaionaje?" Nikalala. Kuamka, ujumbe 212. Picha nimeifuta lakini ilishatembea, binamu yake kanijia dukani kuniuliza kwa nini mdogo wake anaitwa mwizi kwenye kundi la Kigoma ambalo mimi hata simo. Dogo mwenyewe kaandika mara moja tu, "Sijaiba." Tangu hapo kimya.

Kwenye somo la Uraia tulifundishwa kwamba Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Najua chesi ya buku tatu si jinai. Ila watu 11 kati ya 18 wanataka nimfungie kabla ya raundi ya kumi. Nikimfungia na kumbe hakuiba? Nikimwacha na kumbe aliiba?

Chuma_cha_Reli, Jumatatu usiku

Mkuu unazunguka sana. Fungia. Hapo si mahakama ya Kisutu, ni ligi.

Mtu wa 1,540 haamki asubuhi moja akampiga wa 2,050 kwa hatua 31. Mimi nimecheza Free Fire, ule mchezo wa bunduki wa kwenye simu, miaka minne, wale waliokuwa wanatupasua vichwa kupitia ukutani wote walisema "sijaiba", hakuna hata mmoja aliyesema "ndiyo kaka, nimeiba". Na wewe unamhurumia mmoja unasahau 17. Watu safi hawapigi kelele, wanajitoa tu kimyakimya, msimu ujao unabaki na wezi wanapeana mikono. Hayo macho chini kushoto umeyaona mwenyewe. Unataka nini tena, akuandikie barua?

Mwamuzi_Nyali (Mombasa), Jumanne asubuhi

Salaam aleikum. Ndugu yangu Fundi, nimesimamia mashindano ya shule na ya vilabu hapa Pwani kwa miaka, na mwakenya (vikaratasi vya kuibia) nimezikamata za kila namna, mpaka iliyofichwa chooni. Kwa hiyo sikuja kumtetea huyo kijana. Nimekuja kukuambia umeanzia mwisho.

Aprili 2023, Nairobi, mashindano ya Kenya Open, alijiandikisha mchezaji upande wa wanawake. Baibui, nikabu, miwani, na haongei na mtu hata anapochukua beji yake. Akaanza kuwapiga wanawake wenye majina, yeye jina lake hakuna aliyewahi kulisikia. Kumbe ni mvulana, mwanafunzi wa chuo, kabanwa na shida ya pesa. Watu wanakumbuka kichekesho. Mimi nakumbuka namna maofisa walivyokiendea. Viatu vilikuwa vya kiume, waliviona. Ukimya ule waliusikia. Lakini nikabu ni stara ya mtu. Umvue mwanamke ukumbini kwa sababu ya viatu, halafu awe mwanamke kweli, utamtazama kwa jicho gani? Wakangoja, wakamwita chumbani faragha, wakamwomba kitambulisho. Akakiri, akaomba radhi. Shaka yao ilikuwa ya kweli na bado waliifungia mlango. Wewe yako hujui kama ni ya kweli na ushaipandisha mnarani.

Ukitaka kuona shaka iliyopanda mnarani inavyoshuka, tazama ya Saint Louis, Marekani. Tarehe 4 Septemba 2022 Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, alipigwa na kijana wa miaka 19, Hans Niemann, tena Niemann ana nyeusi. Kesho yake Carlsen akajitoa kwenye mashindano, akaweka mtandaoni kipande cha Mourinho, kile cha "nikisema nitaingia matatani". Hakutaja kosa, hakuleta ushahidi. Wengine wakamalizia sentensi. Sasa Niemann si malaika: alikiri mwenyewe kwamba alidanganya mtandaoni akiwa na miaka 12, na tena 16. Oktoba Chess.com, tovuti kubwa ya chesi, wakatoa ripoti ya kurasa 72, wakasema yaelekea alidanganya kwenye michezo zaidi ya 100 ya mtandaoni. Lakini kuhusu mchezo ule wa ana kwa ana, ambao ndio ulioleta zogo lote, ripoti yenyewe haikumtia hatiani, na Profesa Ken Regan wa Buffalo, ambaye ndiye FIDE, shirikisho la chesi duniani, humwendea kwa hesabu hizi, alipima michezo yake ya mezani asione dalili. Ikaja kesi ya dola milioni 100, mahakama ikaitupa Juni 2023, Agosti wakapatana. Desemba FIDE wakampiga Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya kutosha, makosa mengine wakamwachia. Miezi kumi na tano ya wanasheria, na swali la siku ya kwanza liko palepale.

Kanuni za FIDE zina kipimo chao. Si kile cha kesi ya mauaji, kwamba kusibaki shaka, wala si "mimi naona hivyo". Ni cha katikati, mwamuzi aridhike kwa kadiri ya uzito wa tuhuma. Na kanuni hizohizo zinamwadhibu pia anayetuhumu bila msingi, jambo ambalo wenye sauti za dakika nne huwa hawalisomi.

Haya ya kwako. Macho na muda ni dalili, zichunguze. Hilo la mfalme kujificha upande mmoja kila siku mimi lanipa picha tofauti na yenu: injini haina mazoea. Inamficha mfalme pale panapofaa siku hiyo, au haimfichi kabisa. Mwenye mazoea ni binadamu.

Mpigie simu. Chagua mchezo wake mmoja, muulize alikuwa akiwaza nini kwenye hatua fulani. Aliyecheza mwenyewe ana la kusema hata kama ni upuuzi. Aliyenakili hujibu "niliona tu ni nzuri". Tena mripoti Lichess kimyakimya. Wana programu zao za kunusa udanganyifu, Irwin na Kaladin, na wasimamizi wanaojitolea wanaona mambo ambayo wewe kwa skrinishoti huyaoni.

Bint_Seif (Maskati), Jumanne mchana

Mwamuzi kasema vyema ila pamoja na hayo mie nina neno, khasa kwenye hiyo kamera ya raundi ya nane. Hiyo imenichoma.

Mie kwetu Unguja, naishi huku na kaka yangu, nacheza Overwatch, mchezo wa bunduki wa kompyuta. Mwaka 2016 Korea Kusini palikuwa na msichana wa miaka 17, jina lake la mchezoni Geguri, anacheza na mhusika aitwaye Zarya. Alikuwa analenga shabaha kwa namna ambayo wachezaji wa timu pinzani waliapa kwamba anatumia programu. Wawili wakaenda mbali, wakasema akithibitika msafi wao wanaacha kucheza. Blizzard wa Korea, wenye mchezo wenyewe, wakakagua, wakasema msafi. Haikutosha. Ikabidi aende studio akae mbele ya kamera kavaa barakoa, kamera moja kwenye skrini na nyengine kwenye mkono ulioshika kipanya, acheze watu wamtazame kiganja. Akacheza vilevile. Wale wawili kweli waliacha. Yeye mwaka 2018 akasajiliwa Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza kwenye ligi kuu ya Overwatch. (Timu yenyewe msimu ule ilipoteza mechi zote 40, lakini hilo si lake peke yake.)

Kila mtu akihadithia kisa hiki hukimalizia kwa shangwe. Mie hujiuliza, kwani kwa nini yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti? Madrasa tulisomeshwa kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Pale walidai wengine, aliyetoka jasho ni yeye.

Na yangu. Timu moja ya huku, siitaji, walinitoa kwa mechi moja tu iliyonikubali. Siku ile intaneti ya fleti yetu ilikuwa mbovu, kwa hiyo wapinzani walikuwa wanaona narukaruka kwenye skrini zao, leo hapa mara kule. Wakasema nina programu ya kuruka. Wallahi intaneti ile hata video ya harusi ilikuwa haifunguki. Wakaniambia nirekodi mikono yangu. Nikarekodi usiku mzima, nimevaa glavu maana sikutaka mikono yangu izagae mitandaoni. Wakasema video imehaririwa, na kwa nini nimevaa glavu.

Kwa hiyo Fundi, mpigie huyo mtoto, lakini usimwite kizimbani. Anza na samahani ya ile picha. Akitaka kujionesha ajioneshe kwa khiari yake.

Mwl_Kotanjenti (Mbeya), Jumanne usiku

Wakuu, mimi ni mwalimu wa hesabu, nianze kwa kumtetea Chuma maana mmemwacha peke yake.

Namba zinaweza kumkamata mtu. Desemba 2020 wasimamizi wa rekodi za kumaliza haraka mchezo wa kompyuta wa Minecraft walitoa waraka wa kurasa 29 kuhusu Dream, mmoja wa wachezaji maarufu kabisa duniani. Katika matangazo yake sita alibadilishana dhahabu mara 262 akapata lulu anazohitaji mara 42, wakati kwa kawaida angetarajia kama 12. Wakapunguza kila kitu ambacho kingeweza kumwonea, wakafika kwenye nafasi moja kati ya trilioni 7.5. Dream akakataa, akaajiri mtaalamu wa kumtetea, mashabiki wakawatukana wasimamizi kwa miezi. Mei 2021 akakiri kwamba kweli kulikuwa na programu inayobadilisha bahati ndani ya mchezo wake, ila kasema wakati ule hakujua. Kwa hiyo "nithibitishie" si neno la watu safi peke yao.

Lakini angalieni walichofanya wale wasimamizi. Walihesabu kila tukio katika matangazo yote sita. Hawakuchagua yale mazuri. Fundi, wewe umetuwekea 98. Hiyo 98 niliifungua (uliacha kiungo). Mpinzani alimpoteza malkia bure kwenye hatua ya tisa, na baada ya hapo kila mlango ulikuwa wazi. Hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angepata tisini na ushee. Usahihi unapanda mchezo ukiwa mfupi na mpinzani akiwa mbovu.

La pili, na hili ndilo kubwa: Lichess humwanzishia kila mgeni na 1,500. Huyo dogo alikuwa amecheza michezo mingapi kabla ya kuingia ligi? Kama ni kumi au ishirini, 1,540 si uwezo wake, ni namba ya mlangoni. Mmemhukumu kwa kumlinganisha na mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Na mkitaka kuona hesabu mbovu inavyoenda, Novemba 2023 Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wa zamani, alimnyooshea kidole Hikaru Nakamura kwa kupata alama 45.5 katika michezo 46. Inatisha ukiisikia hivyo. Chess.com wakapiga hesabu: mtu mwenye nguvu kiasi kile, aliyecheza makumi ya maelfu ya michezo, mfululizo kama huo unatarajiwa tu. Ni sawa na kurusha sarafu mwaka mzima halafu kuwaita watu siku ulipopata vichwa kumi. Kramnik hakuishia hapo, akaendelea na wengine, mmoja wao Daniel Naroditsky, mwalimu wa chesi ya mtandaoni ambaye mimi mwenyewe video zake ndizo zilizonifundisha kumalizia mchezo wa ngome. Naroditsky alikana, na hakuna lililothibitishwa juu yake. Katika matangazo yake ya mwisho alisema tangu tuhuma zile, akianza tu kufanya vizuri anahisi watu wanamdhania mabaya. Oktoba 2025 alifariki, ana miaka 29. Sisemi tuhuma zilimuua. Nikisema hivyo bila ushahidi nitakuwa nafanya lilelile. Novemba mwaka huo FIDE walilipeleka suala la Kramnik kwenye tume yao ya maadili, yeye akakanusha kukosea.

Na ni Kramnik huyuhuyu ambaye mwaka 2006 kule Elista, kwenye pambano la ubingwa wa dunia, kambi ya mpinzani wake, Topalov, ilimlalamikia kwamba anakwenda chooni mara nyingi mno. Kamati ya rufaa ikafunga choo chake, akagoma, akapoteza mchezo wa tano bila kugusa kete, ushahidi haukupatikana, na mwisho akashinda pambano. Ungedhani mtu aliyehesabiwa safari za choo angekuwa wa mwisho duniani kuwahesabia wenzake.

Fundi_Kioo, Ijumaa mchana

Wakuu nimerudi. Mwalimu, nimeangalia: michezo 14. Kabla ya ligi yetu alikuwa amecheza michezo 14 tu. Miezi miwili nimebeba hiyo 1,540 kama cheti cha kuzaliwa.

Nilimpigia Jumatano usiku. Simu ya kawaida, si video. Nikaanza kama Bint_Seif alivyoniagiza, nikamwambia samahani kwa ile picha. Kimya. Nikadhani laini imekatika. Halafu akasema "Ngoja kaka," akakata. Baada ya dakika tano ikaingia video kutoka namba nisiyoijua, ni simu ya mama yake, na kanielekezea simu yake mwenyewe.

Wakuu, mimi kazi yangu ni vioo. Nilichokiona nilikijua kabla hajaongea. Kioo kimepasuka kona ya juu kulia, wino umevuja ukashuka upande wote wa kulia kama chai iliyomwagikia daftari. Nikamwambia pitisha kidole hapo. Akapitisha, hakuna kitu. Tachi ya upande ule imekufa, upana kama wa dole gumba. Kwenye ubao wa Lichess, ukiwa na nyeupe na simu imesimama, hiyo ndiyo mistari ya g na h. Ndiyo maana mfalme wake haendi upande ule. Hawezi kumgusisha! Akilazimika kucheza huko anailaza simu ili ubao uhame, na anasema ikilala inamchanganya.

Halafu akageuza kamera chini kushoto. Kwenye mkeka kuna ubao alioukata kwenye boksi la sabuni, kauchora kwa kalamu ya bluu. Kete za mbao anazo, si zote. Ngome mbili ni vifuniko vya dawa ya meno, farasi mmoja ni betri ya redio. Kwa vile upande wa kulia haoni vizuri, anasoma hatua ya mpinzani kwenye ile orodha ya chini, anaisogeza kwenye boksi, anawaza hapo, anasogeza yake, ndipo anagusa simu. Nilimchezea hapohapo nikamlia kete makusudi ili arudishie. Sekunde saba.

Usiku ule nilifungua michezo yake mitano ya nyeupe nikahesabu. Amegusa mistari ya g na h mara sita tu kwa michezo yote, na kila mara ametumia zaidi ya sekunde 15, kitu ambacho sisi wote tulikipita tukikimbilia zile saba. Raundi ya nne Stockfish, injini ya chesi, inaonesha ngome ikishuka mstari wa h inafunga mchezo kwa hatua mbili. Hakuicheza. Alizunguka akashinda hatua 12 baadaye. Injini gani inaogopa mstari wa h?

Lichess niliwaripotia Jumanne. Mpaka sasa akaunti yake haijawekewa alama yoyote.

Chuma_cha_Reli, Ijumaa mchana

Sawa, kioo nimekielewa, na ya boksi la sabuni imeniingia. Ila ulimuuliza lile swali la mzee wa Nyali? Usituruke.

Fundi_Kioo, Ijumaa jioni

Nilimuuliza. Raundi ya saba, ule wa kigogo, hatua ya 22 alimtoa askofu sadaka mbele ya mfalme. Nilimuuliza aliona nini. Akakaa kidogo akajibu: "Niliona tu."

Yaani maneno yaleyale. Nikamwomba anioneshe kwenye boksi nini kinafuata mpinzani akimla askofu. Akaonesha hatua tatu sawasawa, ya nne akakosea. Stockfish inasema sadaka ile ni sahihi kabisa. Hapo ndipo nilipo, wakuu. Nimelala nayo siku mbili.

Mwamuzi_Nyali, Ijumaa usiku

Mimi nimecheza miaka thelathini, na hatua zangu bora kabisa mbili "niliziona tu". Ya kwanza hata leo siwezi kuieleza. Hiyo ya kijana iandike kwenye daftari lako na ulifunge. Hiyo si hukumu, ni kumbukumbu.

Bint_Seif, Ijumaa usiku

Na huyo kigogo yeye aliulizwa hatua zake?

Fundi_Kioo, Jumapili usiku

La mwisho kutoka kwangu. Sikumfungia. Jumamosi mchana, kabla ya raundi, niliandika kundini kwamba nilibandika ile picha bila kuchunguza, kwamba nimechunguza na sikuona sababu ya kumfungia, na kwamba kosa lilikuwa langu. Kioo na boksi sikuvitaja, aliniomba nisivitaje. (Hapa kaniruhusu kwa kuwa hamumjui.) Wawili walijitoa, Chuma ulilitabiri hilo. Kigogo aliweka dole gumba, basi.

Raundi ya kumi dogo alipigwa, alipoteza ngome hatua ya 14 kizembe kabisa, na nikaona watu watatu kundini wanaandika "ahaa", kwamba sasa anaogopa kutumia injini. Ya kumi na moja akashinda. Alama kumi kati ya 11, bingwa. Usiku nikamtumia elfu hamsini na ya kutolea. Akajibu "Nimeipata kaka, asante." Dakika mbili baadaye, yale maandishi madogo ya kijivu: ametoka kwenye kundi.

Kioo cha simu yake ninacho dukani, nilikitoa kwenye simu iliyoingia maji ubao wake lakini kioo kizima. Nimekifunga kwenye boksi na magazeti, basi la Kigoma linaondoka alfajiri. Nimempigia binamu yake mara mbili kuuliza niandike jina la nani atakayepokea. Hapokei.